Damu ya Chumvi Katika Maji Baridi

Samaki wanaouzwa Ariwara hutoka kwenye maji ya aina mbili, ingawa mnunuzi hawezi kuiona tofauti hiyo juu ya meza ya muuzaji. Wengi hupanda kutoka Ziwa Albert: sangara, ambaye huku Kongo tunamwita kapiteni, akiwa amepasuliwa na kukaushwa kwa chumvi kuwa makayabo, ngege, na wale wadogo wa kuanikwa juani, muziri na ragoge, wanaopitia Mahagi au soko la Panyimur upande wa Uganda. Wengine, kambare na ngege wa kufugwa, hutoka hapa hapa, kwenye vijito na mabwawa ya eneo la Aru. Wote ni samaki wa maji baridi. Lakini maji waliyotoka hayalingani hata kidogo kwa kiasi cha chumvi, na samaki mwenyewe anaijua tofauti hiyo kila dakika ya maisha yake, kwa sababu damu yake lazima ibaki na chumvi ileile popote aendapo.

Swali ni hili: mnyama ambaye damu yake ina gramu nane mpaka kumi za chumvi kwa lita, anaishije miaka mingi katika maji yenye sehemu moja ya kumi ya gramu, pengine chini ya hapo, bila kuvimba na bila kuishiwa chumvi? Kulijibu kumewachukua wanasayansi karibu karne nzima, na sehemu ya jibu bado inabishaniwa. Kwetu sisi wa vilima vya Ituri, ambako dhahabu inachimbwa vijitoni na samaki wanafugwa mabondeni, jibu hilo lina matumizi ya moja kwa moja.

Tuanze na maji yenyewe. Aru iko karibu na mgongo wa ardhi unaotenganisha mito mikubwa miwili. Mvua inayoangukia upande mmoja hushuka Kibali, ikakutana na mto Dungu na kuwa Uele, kisha Ubangi, hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Inayoangukia upande wa pili huenda Nile na Mediterania. Pande zote mbili inapita juu ya miamba ya kale sana, granaiti na jamaa zake, iliyooshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka na iliyobakiwa na kidogo cha kutoa. Ndiyo maana vijito vya vilimani kwa kawaida huwa na maji mepesi: sodiamu kidogo, kalsiamu kidogo, na sabuni hutoa povu upesi.

Albert ni habari nyingine. Ziwa hilo limelala ndani ya bonde la ufa, mita 600 na ushee juu ya usawa wa bahari, na mto mkubwa unaoliingia kutoka kusini ni Semuliki, unaoleta maji ya Ziwa Edward ambayo sehemu yake imepitia miamba ya volkano ya Virunga. Jua huondoa maji, chumvi inabaki. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kuangalia maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi iliyoyeyuka ndiyo inayoubeba. J. F. Talling na Ida B. Talling, waliokusanya vipimo vya maziwa ya Afrika na kuvichapisha mwaka 1965, walilipa Ziwa Victoria kipimo cha takriban 96, kwa maikrosimensi kwa sentimita. Tanganyika lilipata takriban 610, Albert takriban 730, Edward zaidi ya 900, Kivu zaidi ya 1,200, na Turkana zaidi ya 3,000. Bahari hufika kama 50,000. Yote haya, ukiacha bahari, tunayaita maji baridi.

Chumvi ya bonde la Albert watu waliijua kabla ya kipimo chochote. Kibiro, kwenye ufuko wa mashariki upande wa Uganda, wanawake wamekuwa wakichuja udongo uliolowa maji ya chemchemi za moto na kuchemsha chumvi ya kuuza kwa mamia ya miaka. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba hapo miaka ya 1989 na 1990 na kuonyesha kina cha historia hiyo. Katwe, kando ya Ziwa Edward, chumvi inavunwa mpaka leo. Na kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa kaskazini mwa ziwa wanaweza kulithibitisha kwa macho, kwa rangi ya maji. Nile inayotoka Victoria inaingia Albert kwenye pembe ya kaskazini kabisa, karibu na pale inapotokea tena, kwa hiyo maji yake mepesi hupita bila kuchanganyika na ziwa zima. Samaki anayeogelea kilomita chache katika kona hiyo anatoka maji ya aina moja na kuingia ya aina nyingine, bila mpaka wowote wa kumwonya.

Sasa tuangalie kanuni inayomtesa samaki. Mama anayeandaa makayabo anaifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Anampasua kapiteni mgongoni, anamfungua kama kitabu, anasugua chumvi ya mawe kwenye nyama, anampanga juu ya mwenzake, tena chumvi, tena samaki. Baada ya saa chache chini ya rundo pametanda maji ya chumvi ambayo hakuna mtu aliyeyamimina. Yametoka ndani ya nyama. Maji hupenya utando wa seli yakielekea upande wenye chumvi nyingi, na hayahitaji nguvu ya mtu kuyasukuma. Wanasayansi huiita osmosi.

Samaki aliye hai ziwani yuko katika hali iliyo kinyume cha hiyo. Chumvi nyingi iko ndani yake, kidogo iko nje, kwa hiyo maji yanamwingia usiku na mchana, na chumvi yake inavuja kwenda nje. Ukichukua sodiamu peke yake, damu ya samaki ina zaidi ya miligramu 3,000 kwa lita. Maji ya Albert yana karibu miligramu 90, na maji ya Victoria kama 10. Samaki wa Albert, basi, anaishi na tofauti ya karibu mara arobaini kati ya ndani na nje, wa Victoria zaidi ya mara mia tatu. Wa kijito chepesi cha vilimani anaweza kufikia mara elfu moja.

Magamba na ute vinaifunika ngozi vizuri. Tatizo ni matamvua. Mnunue kambare mbichi, inua kifuniko cha shavu lake, utaona safu za nyuzi nyekundu zilizosongamana; kila uzi umebeba vijani vidogo vingi, na ndani ya kila kijani damu inapita ikitenganishwa na maji ya nje kwa utando wa sehemu chache tu za elfu ya milimita. Unene huo mdogo ndio unaomruhusu kuvuta oksijeni, ambayo majini ni haba kuliko hewani. Lakini utando unaopitisha oksijeni kwa urahisi unapitisha maji pia, na kwenye maungio ya seli chumvi inapenya. Samaki hawezi kuyafunga matamvua yake akaendelea kupumua. Katika jambo hili zima, sioni kitu kinachoeleza maisha ya majini zaidi ya hicho: mlango wa pumzi ndio huohuo mlango wa hasara.

Upande wa maji, suluhisho ni figo. Samaki wa maji baridi hana haja ya kunywa, na hanywi ila kidogo sana. Figo zake huchuja maji kwa wingi na kuyatoa kama mkojo mwepesi mno. Kwa siku moja anaweza kutoa mkojo wenye uzito wa sehemu ya kumi ya mwili wake, na wapo wanaozidi hapo. Kabla mkojo haujatoka, mirija ya figo na kibofu huirudisha damuni karibu chumvi yote iliyokuwa imechujwa. Samaki wa baharini anafanya kinyume: anakunywa maji ya bahari na kutoa chumvi ya ziada kwenye matamvua. Mmarekani Homer Smith, aliyeonyesha jambo hilo kwa mikunga mwaka 1930, alijenga juu yake nadharia kubwa kwamba chujio la figo lenyewe lilibuniwa na wahenga wetu wa mbali walipoingia mitoni kutoka baharini, wapate kulitoa lile gharika la maji. Nadharia hiyo inavutia, lakini sidhani imesimama. Kuna samaki wa kale wa baharini wasio na taya, ambao figo zao zina chujio hilohilo na damu yao ina chumvi kama bahari, na mabaki ya wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo yanaelekeza baharini. Chujio lilikuwepo kwanza; maji baridi yalilipa kazi ngumu zaidi.

Hata figo iwe hodari namna gani, mkojo hubeba chumvi kidogo, na matamvua huvuja bila kukoma. Chakula hurudisha sehemu. Lakini samaki anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na damu yake isipungukiwe. Chumvi hiyo anaitoa wapi?

Mdenmark August Krogh, ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Nobel ya mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya mishipa midogo ya damu, alilichukua swali hili miaka ya 1930. Njia yake ilikuwa rahisi na safi. Aliwaweka samaki na vyura katika maji yaliyotoharishwa mpaka wakapoteza sehemu ya chumvi yao, kisha akawahamishia kwenye maji yenye chumvi kidogo mno, na kupima kama kiasi hicho kidogo kinapungua. Kilipungua. Wanyama walikuwa wanaivuta chumvi kutoka kwenye maji ambayo ulimi wa mtu hausikii ladha yoyote, dhidi ya tofauti ya mamia ya mara. Tena Krogh aligundua kwamba sodiamu na kloridi huvutwa kila moja kwa njia yake, na akapendekeza kwamba kila ioni inayoingia inabadilishwa na nyingine inayotoka: sodiamu kwa asidi au amonia, kloridi kwa bikaboneti. Kitabu chake juu ya wanyama wa majini na chumvi kilitoka mwaka 1939, na bado ndicho chanzo cha karibu kila kilichoandikwa baadaye.

Mahali pa kazi hiyo ni seli maalumu zilizotawanyika kwenye matamvua. Ancel Keys na Edward Willmer walizieleza mwaka 1932 kwa mikunga wa baharini, ambako zinatoa chumvi nje. Kwa samaki wa maji baridi seli za jamii hiyo zinafanya kazi ya kuivuta ndani. Nguvu yake inatoka kwenye pampu ya protini ambayo Jens Christian Skou, Mdenmark mwingine, aliigundua mwaka 1957 kwenye mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani, na kupata tuzo ya Nobel miaka arobaini baadaye. Kwa kila chembe ya nishati inayochomwa, pampu hiyo hutoa sodiamu tatu kutoka ndani ya seli kuelekea damuni na kuingiza potasiamu mbili. Pampu hiyohiyo inafanya kazi kwenye figo na ubongo wa msomaji wa makala haya.

Upande wa seli unaotazama maji ndiko mabishano yaliko. Sodiamu inavukaje utando wa nje wakati kijito kina kidogo kuliko hata seli yenyewe? Wapo wanaosema seli hutoa asidi kwa pampu ya umeme, na nafasi hasi inayobaki huivuta sodiamu. Wengine wanasema mlango ni wa kubadilishana sodiamu na asidi, ukisaidiwa na amonia inayotoka papo hapo. Kwa perege na ngege, watafiti wa Japani wamepata mlango wa tatu, unaoingiza sodiamu na kloridi pamoja. Ninavyoona mimi, ushahidi hautaki mshindi mmoja: koo mbalimbali za samaki zimeingia maji baridi kwa nyakati tofauti, na hakuna sababu zote zitumie ufunguo mmoja. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni amri inayoendesha seli hizo. Mwaka 1959 Grace Pickford na J. G. Phillips walionyesha kwamba samaki mdogo wa pwani ya Amerika aliyeondolewa tezi ya chini ya ubongo hufa akiwekwa katika maji baridi, na akipewa homoni ya prolaktini anaishi. Kwa mama anayenyonyesha, homoni hiyo ndiyo inayoleta maziwa. Kwa samaki inabana matamvua yasivuje.

Tunao ushahidi mkubwa kuliko wa maabara yoyote, na unatoka ziwa letu. Maporomoko ya Murchison yalikuwa yamemzuia kapiteni wa Albert kupanda Nile kwenda Kyoga na Victoria tangu zama. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 watu walimbeba wakamvusha. Kwa hesabu ya chumvi, samaki huyo alitolewa maji yenye miligramu 90 za sodiamu akatiwa kwenye maji yenye 10. Matamvua yake yalizoea, akaongezeka, akala aina nyingi za samaki wadogo wa Victoria mpaka zikatoweka. Ndagala wa Tanganyika amesafiri mbali zaidi kichumvi. Ukoo wake ni wa sardini, samaki wa baharini, na wahenga wake waliingia mito ya Afrika mamilioni ya miaka iliyopita. Aina yake moja ilipelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye maji yenye chumvi mara mbili ya Tanganyika, na miaka ya 1967 na 1968 ikapelekwa bwawa la Kariba, lenye maji mepesi kabisa. Pote imekuwa kitoweo cha watu wengi. Ukimpa samaki muda, anaweza kuvumilia mengi. Neno muda litarudi.

Samaki si mnyama pekee mwenye tatizo hili, na majibu ya wengine yanaonyesha kwamba njia ni zaidi ya moja. Kaa wa vijito na maziwa yetu, Potamonautes niloticus, alichunguzwa na J. Shaw, aliyechapisha matokeo mwaka 1959. Damu ya kaa huyo ina karibu nusu ya chumvi ya bahari, kubwa kuliko ya samaki, na ajabu ni kwamba hawezi kutengeneza mkojo mwepesi. Mkojo wake una chumvi sawa na damu. Anaponaje? Gamba na matamvua yake hayapitishi maji ila kidogo mno, kwa hiyo mkojo wake ni haba, na kinachopotea kinarudishwa na matamvua. Samaki anaokoa kwa kufanya kazi nyingi. Kaa anaokoa kwa kufunga milango. Kombe wa maji baridi, anayejichimbia kwenye mchanga, amechukua njia ya tatu: ameshusha kiwango cha damu yake mpaka karibu sehemu ya ishirini ya bahari. Kwa kuwa ndani na nje vimekaribiana, uvujaji ni mdogo na gharama ni ndogo. Anaishi taratibu, na hahitaji zaidi.

Konokono wa kichocho, anayewaletea maradhi wakazi wa fukwe za Albert, yuko katikati ya hao, na shida yake kubwa ni kalsiamu ya ganda. Chura hutumia ngozi. Kamongo, samaki mwenye mapafu, ana simulizi yake: Homer Smith alifika Kisumu mwaka 1928 kumtafuta, akaonyesha kwamba anapojifukia kwenye tope wakati wa kiangazi huacha kutoa mkojo na kuibadili amonia yenye sumu kuwa urea, akiilimbikiza mwilini mpaka mvua irudi. Smith alimwandikia hata riwaya, iliyotoka mwaka 1932 na kubeba jina lake.

Viluwiluwi vya mbu nitavitolea nafasi kidogo zaidi, kwa kuwa kila nyumba inavyo. Katika pipa la maji ya mvua, ambayo ni mepesi kuliko kijito chochote, viluwiluwi hukua siku chache tu na kuruka. Mkiani pake kila kimoja kina vipapasio vinne vyeupe. Zamani vilidhaniwa ni vya kupumulia. Mwaka 1938 H. Koch alionyesha kwamba hivyo ndivyo vinavyovuta chumvi, na Mwingereza V. B. Wigglesworth aliona kwamba viluwiluwi vilivyokuzwa kwenye maji yaliyotoharishwa huotesha vipapasio vikubwa, na vilivyokuzwa kwenye maji ya chumvi huwa navyo vidogo. Kwa mbu, kiungo chenyewe hukua kulingana na umaskini wa maji. Nimeona mara nyingi watu wakidhani maji safi ya mvua hayawezi kuzaa mbu. Yanazaa.

Kila njia kati ya hizi ina kikomo, na hapo ndipo elimu hii inapokuwa ya kutumika. Kikomo cha kwanza ni oksijeni. Watafiti waliofanya kazi kwenye vinamasi vya mafunjo nchini Uganda, akiwemo Lauren Chapman, wamepima matamvua ya samaki wa aina moja wanaoishi kinamasini, ambako oksijeni ni haba, na wale wa mito iliyo wazi. Wa kinamasini wana matamvua makubwa zaidi. Matamvua makubwa huvuta oksijeni zaidi na huvuja zaidi. Kambare ameukwepa mtego huu kwa kupanda juu na kumeza hewa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa hodari katika kijibwa cha tope ambacho ngege hakiwezi.

Cha pili ni woga na kushikwashikwa. Samaki anapokimbizwa, kuvutwa kwa wavu na kusongwa kwenye chombo, adrenalini hupanua mishipa ya matamvua ili oksijeni iingie, na chumvi inatoka kwa kasi. Kwenye maji mepesi hasara hiyo haiwezi kufidiwa haraka. Ndiyo maana mfugaji hupokea vifaranga wakiwa hai, anawamimina bwawani, na kesho yake au keshokutwa anakuta wameelea. Huwa analaumu ugonjwa, au muuzaji, au jicho la jirani. Mara nyingi ni damu iliyoishiwa chumvi njiani. Dawa yake iko jikoni: gramu tatu mpaka tano za chumvi ya kawaida kwa kila lita ya maji ya safari, yaani gramu 60 mpaka 100 kwenye bidoni ya lita 20. Maji yanakaribia damu, uvujaji unapungua, samaki anafika na nguvu. Kisha achanganyiwe maji ya bwawa kidogo kidogo, maana homoni na seli za matamvua huhitaji saa na siku kujipanga upya.

Chumvi hiyohiyo humwokoa samaki wa bwawa lililojaa kinyesi na chakula kilichooza, ambako nitriti hutokea. Mlango unaovuta kloridi haujui kuipambanua na nitriti. Huiingiza yote, damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Kloridi ikiwa nyingi majini, nitriti hukosa nafasi mlangoni.

Kikomo cha tatu ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kwa vijito vya Aru na Ituri nzima. Asidi, shaba, fedha na zebaki vinashambulia kazi hii moja ya kuvuta chumvi. Asidi hulegeza maungio ya seli za matamvua na kuuzuia mlango wa sodiamu. Norway na Sweden zilipoteza samaki wa mito na maziwa mengi katika karne ya 20 kwa mvua ya asidi, na samaki hao walikuwa wanakufa kwa kuishiwa chumvi, huku alumini iliyoyeyushwa na asidi ikizidisha madhara. Shaba na fedha huziba njia ya sodiamu na kuidhoofisha pampu ya Skou. Zebaki huigusa pampu hiyohiyo, mbali na ile inayolimbikizana kwenye nyama na kutufikia sisi walaji. Zebaki ndiyo wachimbaji wadogo wanayokamatia dhahabu, na udongo wanaouosha hushuka vijitoni ukiwa na kila kilichokuwa mwambani.

Jambo lenye uzito ni kwamba kiasi kilekile cha sumu hakidhuru sawa kila mahali. Kalsiamu hukaza maungio ya matamvua na kugombania nafasi na metali. Sodiamu nyingi humpa samaki akiba ya kuvuta. Kipimo cha shaba ambacho samaki wa maji magumu anakivumilia kinaweza kumuua wa maji mepesi. Ziwa Albert, pamoja na mizigo yake yote, lina kinga hiyo ya kemia. Kijito kinachoshuka kilimani juu ya granaiti hakina. Wanyama wake tayari wanaishi kwenye ukingo, wakivuta sodiamu dhidi ya tofauti ya mamia ya mara, na hawana pa kurudi nyuma. Na hao ndio ambao hakuna anayewahesabu, kwa kuwa hawapandi kwenye mizani ya sokoni kama kapiteni.

Wapo wanaojibu kwamba bonde la Kongo limejaa maji meusi, mepesi na yenye asidi, kama Ziwa Mai-Ndombe na mto Ruki, na samaki wanaishi humo bila shida. Ni kweli. Huko Rio Negro, Brazil, samaki wa maji ya namna hiyo wamepimwa na kuonekana kuwa na matamvua yanayovuja kidogo sana na yanayovuta sodiamu hata asidi inapozidi. Lakini uwezo huo umejengwa kwa vizazi visivyohesabika. Kijito kinachobadilishwa na mashimo ya wachimbaji kwa misimu miwili mitatu hakiwapi samaki wake muda huo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kuyaweka maji yote ya Ituri katika fungu moja la maji baridi ni kosa, na kosa hilo linawaumiza wafugaji na wavuvi. Anayechimba bwawa kwenye bonde la maji mepesi anahitaji chokaa kabla ya kutia samaki, na majivu ya kuni husaidia pale ambapo chokaa ni ghali. Anayenunua vifaranga kutoka maji ya Albert au Uganda na kuwaleta kilimani anahitaji kuwazoesha. Anayetoa kibali cha kuosha dhahabu kijitoni anahitaji kwanza kujua kijito hicho kina kalsiamu na sodiamu kiasi gani, kwa maana hapo ndipo atajua kitaweza kustahimili nini.

Kifaa cha kupima maji yanavyopitisha umeme kinatosha mfukoni na hutoa jibu kwa sekunde chache. Shule za sekondari zenye somo la kemia, wanafunzi wa Bunia wanaotafuta mada ya kazi ya kuhitimu, maafisa wa kilimo na wa mazingira wa Aru, na vyama vya wafugaji wa samaki, wakubaliane kupima kila kijito kinachonywewa na kuvuliwa, kiangazi na masika, na kuandika namba hizo mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma. Tuanze na vijito vinavyoizunguka Ariwara, kabla mashimo hayajavifikia.